Kalunde na Fundo la Nguzoni

Nina kisa!
(Kilete!)
Kina meno!
(Tutakitafuna!)
Basi wewe wa mlangoni sogea, unanikatia upepo.

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana na watu, palikuwa na kijiji bondeni, kando ya mto. Msukaji wa madaraja ya kamba alikuwa Mzee Kasanda. Mzee akafa. Ufundi ukabaki kwa binti yake, Kalunde, aliyeshika kamba tangu hajaota meno ya ukubwani.

Mwaka huo mvua ilinyesha siku tisa. Mto ukavimba, ukabeba daraja la zamani. Kalunde akasuka jipya. Alipomaliza, maji yalikuwa yameshafika kwenye matete ya kijijini, na mwinuko wa kukimbilia ulikuwa ng'ambo tu.

Sasa sikilizeni desturi yao. Fundi huvuka kwanza, peke yake. Akifika ng'ambo huita, "Vukeni." Asipoita, hakuna anayetia mguu, hata maji yamfike shingoni.

Kalunde akavuka. Daraja likayumba, likamfikisha. Akageuka aite. Kule alikotoka akamwona Mama Nyamizi, mama mkwe wake, amembeba mtoto wa Kalunde mgongoni. Hakuita. Akawaza, "Fundi alikuwa baba. Mimi namuigiza tu. Nikiita, nitawaua."

Akarudi. Kwenye nguzo ya daraja alikaa Fisi.

"Pole na kazi, fundi," Fisi akasema. "Hili fundo la nguzoni, baba yako angelifunga hivi?"

Kalunde akalifungua, akalifunga upya. Akavuka. Hakuita. Akarudi. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu.

"Baba yako angelifunga hivi?"

Akalifungua, akalifunga. Akavuka. Hakuita. Akarudi. Maji yalikuwa magotini, na mbuzi wanalia.

"Wanakuita fundi," Fisi akamnong'oneza, "kwa sababu hawajakujua."

Mnaona ubaya wa huyu? Hakusema neno ambalo Kalunde hakuwa amejiambia mwenyewe.

Mama Nyamizi akamsogelea. "Mwanangu, umelipita mara sita. Limekuangusha?"

"Hapana, mama."

"Sasa?"

"Ni bahati tu, mama. Mara ya saba litakatika, na mwanangu yuko mgongoni kwako."

"Basi amua. Maji hayatungoji."

Kalunde akashika panga. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Watu wasife kwa uongo wangu. Pandeni miti. Hili nalikata." Akaliinua panga juu ya kamba kubwa.

"Usikate!"

Nani kasema?
(Fisi!)

Panga likabaki hewani. "Kwa nini nisikate?" Kalunde akauliza. "Si umesema bovu?"

Fisi akatazama maji. Hajui kuogelea, huyo. Mpango wake ulikuwa hivi: watu wakwame, mbuzi wafe maji, mto uitupe mizoga ng'ambo, naye awe huko anaingoja. Afike huko kwa kupitia nini?
(Kwa daraja!)
La nani?
(La Kalunde!)

Maji yakamgusa tumbo. Fisi akaruka darajani, akakimbia mpaka mwisho. Hakutazama fundo hata moja.

Kalunde akamwangalia akifika. Hasira ikampanda, kali, hasira ya mtu aliyechezewa. Aliyemwambia kazi yake mbovu alikuwa ameiamini kuliko yeye mwenyewe.

Akavuka mara ya saba. Msidhani hofu ilimtoka. Alivuka nayo. Akageuka, akamwona mwanawe, akafungua kinywa.

"Vukeni."

Ilitoka sauti ndogo. Mama Nyamizi aliisikia, akatia mguu wa kwanza. Wakafuata watu, mbuzi, vyungu, kuku. Daraja lililia njia nzima, wala halikukatika. Fisi aliyekuja kungoja mizoga akapokea marungu ya kiuno. Mtazameni leo anavyotembea, nyuma kumeshuka.

Kalunde akasuka madaraja mengine mengi, mpaka nywele zikawa nyeupe. Na kila alipomaliza, mkono wake ulilirudia fundo la nguzoni. Aliligusa mara moja, akaliacha. Kisha alivuka, akaita.

Kisa changu kimevuka!
(Kimevuka!)
Kimeacha mtu?
(Hakikuacha!)
Basi pisheni mlangoni, mkalale.