Neno la Kumtuliza Mama Ambokile

Ndugu zangu, kabla sijaligusa neno la leo nitawapa habari ya watu wawili, na nawaomba msiwahukumu haraka.

Mwaka wa uhuru, watu wa Rungwe wakishona nguo za sherehe, askari mmoja aitwaye Lwitiko alishuka kwenye lori peke yake. Walikuwa wameondoka wawili miaka kadhaa nyuma, yeye na rafiki yake Ambokile, wakapelekwa na jeshi la Mwingereza kupigana kwenye misitu ya ng'ambo. Huko Ambokile alipigwa risasi ya tumbo, akaangukia kwenye kinamasi. Tangu asubuhi mpaka jua linainama alimlilia mama yake. Mkubwa wao alikataza mtu yeyote asimfuate. Lwitiko alilala nyuma ya gogo, karibu kabisa, akisikia kila neno. Akatii amri.

Sasa amerudi, na watu wanampeleka kwa Mama Ambokile. Njiani mzee wa kanisa akamshika mkono.

"Kijana, mpe mama neno la kumtuliza. Ukweli utamuua."

Je, mzee yule alikuwa mtu mbaya? Hapana. Alikuwa kama mimi na wewe.

Mama akauliza swali moja tu. "Mwanangu, alikufaje?"

"Ghafla, mama. Hakusikia maumivu. Hakutoa hata sauti."

"Mungu ahimidiwe," mama akasema, akaenda kumenya ndizi za mgeni.

Miaka ikapita. Lwitiko akawa ndiye anayempalilia kahawa, ndiye anayemwezekea nyumba. Wageni wakija, mama humwita: "Hebu waeleze na hawa, baba, mwenzako alivyokufa." Naye hueleza. Akitoka hapo hushuka mtoni, akatapika. Mkewe akiuliza, husema ni malaria. Meza ya Bwana akaacha kuikaribia, na sisi watu wa kanisa tukasema, "Jeshi limempa kiburi." Nani alimfuata mtoni kumwuliza? Hakuna.

Mama akaugua, akadhoofika sana. Mchana mmoja akawatoa wanawake wote nje, akabaki na Lwitiko.

"Leo niambie, mwanangu."

"Nikuambie nini, mama?"

"Alivyokufa. Ambokile wangu akichomwa na mwiba kijiji kizima kilisikia. Wewe ukaniambia amekufa kimya. Nilijua siku ile ile. Nikakunyamazia, nikiogopa ukweli utakuua wewe. Kila nilipokuuliza mbele ya wageni nilikuwa nangoja uongo ukushinde, tulie pamoja."

Lwitiko akapiga magoti, akaushika mkono wake. Akauegemeza uso kitandani, akalia muda mrefu. Alipoinua uso akasema, "Alikuita, mama. Kutwa nzima alikuita wewe."

Mkono aliokuwa ameushika ulikuwa umelegea. Mama hakuwa akisikia tena.

Lakini Lwitiko hakunyamaza. Alimweleza yote, kinamasi, gogo, amri, mpaka mwisho. Wale wanawake nje walisikia sauti ya mwanamume inazungumza, wakaambiana wasiingie, wawaache wapige soga.

Mtaniuliza, je, baada ya hapo alipona? Hakupona. Aliishi, akazeeka, akafa, na hakuna aliyemsikia akiyasema mara ya pili, ila mimi, usiku wake wa mwisho. Ningekuwa na mwisho mwingine ningewapa.

Sisi tunaiita faraja. Tunamwambia mjane, "Hakuteseka." Tunamwambia aliyerudi kutoka kubaya, "Yamepita hayo, kunywa chai." Kisha kila mtu anakwenda kulia peke yake, ukuta mmoja katikati, na Jumapili tunakaa benchi moja tunaimba. Tunamlinda nani? Ni yule anayeumia, au ni masikio yetu?

Ukifika nyumbani leo, yupo mtu anayekuuliza swali lile lile kila mara. Wewe unadhani anataka jibu lile lile?