Mwanamize na Mwanafarasi Tufani

"Enyi mliokaa!"

"Tumekaa, tusimulie."

"Nilete kavu au yenye utamu?"

"Lete yenye utamu!"

Haya. Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwaelewa, palikuwa na mji uitwao Shangamani. Mji ule ulikuwa na mitaa miwili, wa juu na wa chini, na bonde moja tu lenye majani na chemchemi. Kila mwaka mfalme alishindanisha farasi. Mtaa ulioshinda ulichunga bondeni mwaka mzima. Ulioshindwa ulichunga kwenye mawe na miiba.

Mtaa wa juu ulikuwa umeshindwa miaka mitatu. Mbuzi wao walikonda hadi mbavu zikahesabika. Tumaini lao lilikuwa mwanafarasi mmoja, Tufani, na mlezi wake, mjane aliyeitwa Mwanamize.

Mwezi wa kwanza Mwanamize alimtembeza tu. Mwezi wa pili alimkimbiza polepole mchangani. Mwezi wa tatu alimpandisha vilima na kumteremsha. Na kila asubuhi alimpapasa miguu yote minne, kutoka gotini hadi kwenye kwato.

Tufani akachoshwa na polepole. "Mama, lini nitakimbia kwa nguvu zangu zote?"

"Mifupa yako ingali michanga, mwanangu. Ikikomaa nitakuachia."

Sasa, mtaa wa chini alikaa Makungu, mwenye farasi aliyeitwa Radi. Makungu alimwahidi Ngedere kapu la ndizi mbivu iwapo Tufani atashindwa. Ngedere akaenda uani mchana, Mwanamize alipotoka kuteka maji.

"Bwana mdogo," akasema, "mbio hazijifunzwi kwa kutembea. Hebu kimbia mpaka kwenye ule mkwaju, urudi."

Njia ya mkwajuni ilikuwa mawe matupu. Siku ya kwanza Tufani akakimbia mara moja. Siku ya pili mara mbili. Siku ya tatu mara tatu, na usiku mguu mmoja ukawaka moto, naye hakumwambia Mwanamize.

Asubuhi vidole vya Mwanamize vikaukuta ule moto. Akamuuliza. Tufani akainamisha kichwa, akaeleza yote. Mwanamize hakumpiga wala hakumkaripia. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaupakata ule mguu, akaupapasa tena.

Mashindano yalikuwa siku ya pili yake. Wazee wa mtaa wakaja, wakiongozwa na Shekuwe, kaka yake Mwanamize. Wakamsihi aufunge mguu kwa kitambaa, farasi akimbie hivyo hivyo, kwani mbuzi wanakufa. Mbuzi wa Mwanamize mwenyewe walikuwa miongoni mwa hao.

"Kaka, akikimbia kesho huenda akashinda," alisema. "Lakini hatakimbia tena maisha yake. Simtoi."

Wakaondoka bila kuaga.

Radi akashinda. Ngedere akaenda kudai ndizi zake. Makungu akamwambia kwamba farasi asiyeshindana hakushindwa na mtu, akampa maganda. Kisha, kwa majivuno, kila alipopata mgeni akamtoa Radi na kumkimbiza mbio kali, ili mgeni asifu.

Huku juu, Mwanamize alimkanda Tufani kwa maji ya chumvi mpaka mguu ukapoa. Akaanza upya: kutembea, mchanga, vilima. Watu wa mtaa walikata majani mbali, wakayabeba kichwani. Tufani aliwaona wakipita, na hakuuliza tena lini.

Mwaka ukazunguka. Mashindano yalikuwa kulizunguka bonde mara tatu, na Mwanamize alimpanda mwenyewe. Mzunguko wa kwanza Radi alitangulia mbali. Damu ya Tufani ikachemka.

"Bado," Mwanamize akamwambia sikioni.

Mzunguko wa pili Radi akawa mbele vilevile.

"Bado."

Mzunguko wa tatu Mwanamize akalegeza hatamu. "Sasa, mwanangu."

Lo! Tufani akafyatuka. Radi alijitahidi, lakini miguu yake ilikuwa imeliwa na mwaka mzima wa kuonyeshwa wageni. Tufani akampita, akafika peke yake.

Mtaa wa juu wakalia kwa furaha. Shekuwe akawa wa kwanza kufungua zizi, na mbuzi wakateremka bondeni wakisukumana.

Mfalme akamwita Mwanamize aje apongezwe. Mwanamize hakuja. Alikuwa ameshuka, anamtembeza Tufani polepole. Alipomwona Radi amesimama peke yake anatetemeka, Makungu keshakwenda zake kwa hasira, akaishika kamba yake pia. Akawatembeza wote wawili.

Mfalme akangoja. Jua likawa kali. Mwisho akamwendea mwenyewe, akamuuliza kwa nini amemweka juani.

"Niwie radhi, mfalme," akasema Mwanamize. "Hawa wakisimama na jasho hili watashikwa na maradhi. Nao hawawezi kujitembeza."

Mfalme akanyoosha mkono, akapokea kamba ya Radi, wakatembea pamoja.

Ndiyo, wenzangu: anayelea kiumbe asiangalie siku moja ya kushangiliwa, aangalie maisha yake yote.

Hadithi yangu imefika zizini, nimeifungia mlango. Aliyesikia amsimulie aliyesinzia.