Sultani Fakhri na Nyota Iliyofunikwa

Katika mji wa Kaukabani, wenye ngome za mawe meupe na masoko yanayonukia udi, alitawala sultani aitwaye Fakhri bin Tawfiki, na mimi ninayewasimulia nawaomba msinikatize, maana nawajua wasikilizaji wa siku hizi, mtu hajafika katikati ya hekaya ameshauliza mwisho wake. Sultani huyu alijaaliwa kila neema, dhahabu na farasi na mabustani, ila hakuwa na imani na kiumbe yeyote. Baba yake alifariki baada ya kula pilau iliyotoka kwenye sufuria iliyofunikwa, na ingawa marehemu alikuwa na miaka tisini na minne na mji mzima ulijua kuwa siku zake zimetimia, Fakhri alishikilia kwamba kila kilichofunikwa kina njama ndani yake.

Kwa hiyo aliweka jikoni askari saba, wakaitwa Wafunuaji, na kazi yao ilikuwa kufunua kila sufuria kila walipoona shaka, na shaka walikuwa nayo kutwa nzima. Mpishi mkuu alikuwa Zuwena binti Khelefu, na nyinyi mnajua wali unavyokamilishwa: maji yakikauka unafunika, unapalia makaa juu ya kifuniko, kisha unauacha mvuke ufanye kazi yake. Ukifunua kila mara, mvuke unatoka na makaa yanaungua bure. Basi kwa miaka kumi na mmoja Sultani wa Kaukabani, mwenye farasi elfu, alikula wali mbichi, na kila alipoukuta mgumu shaka ilimzidi, akasema, "Hawa wana jambo."

Zuwena alikuwa amechumbiwa na mnajimu wa mji, Adnani bin Rajabu. Juu ya mnara wa ikulu ilionekana nyota kubwa nyekundu, watu wakiiita Nyota ya Enzi, na Adnani, baada ya kuitazama kwa miaka mingi, alimwandikia Sultani kwamba nyota ile imezeeka, kuni zake za ndani zinakwisha, na itapasuka. Ikapasuka kweli, ikawaka mwezi mzima hata mchana ikaonekana, kisha ikatoweka. Na badala ya kumvika Adnani joho la heshima, Sultani alisema, "Aliyejua kabla ndiye aliyeiba," akamtia gerezani, akaapa mbele ya mawaziri kwamba nyota isiporudi juu ya mnara ndani ya siku arobaini, mnajimu atakatwa shingo.

Siku ya thelathini na tisa ilikuwa Ijumaa, na Wafunuaji walipokwenda kusali, Zuwena akabandika wali wa kumpelekea Adnani, akidhani ndio wa mwisho. Machozi yalikuwa yakimtoka. Alichukua ghalani kifuniko kikuukuu cha shaba, akafunika, akapalia, akangoja mpaka mwisho, na alipofunua, mvuke ulitoka usikome, ukajikusanya, ukawa jini mrefu hadi darini, na baridi yake ikazima makaa yote.

"Assalamu alaikum, ewe bibi mwenye subira!" alisema jini. "Mimi ni Zamhariri, mlinzi wa mawingu meusi ya mbinguni. Nabii Suleimani alinifunga katika kifuniko hiki kwa kosa la kufunua nisichoamriwa kufunua, akasema sitatoka mpaka mtu apike chini yangu bila kunigusa hadi chakula kiive. Unionavyo sasa mimi ni mtumwa wako kwa haja moja tu."

Zuwena hakuikimbilia ile bahati, maana kukaa ikulu kulikuwa kumeshamfundisha kushuku. Akamuuliza, "Na wewe utapata nini?"

"Uhuru wangu."

"Basi nataka nyota juu ya mnara wa ikulu kabla ya jua la kesho kuchwa."

"Nyota haiibiwi wala hainunuliwi, bibi. Hupikwa. Twende ukaone."

Habari zikamfikia Sultani, akaja mbio, upanga mkononi. "Hamwendi peke yenu," akasema. "Mtarudi na taa mkaniambia ni nyota." Wakapanda wote wawili mgongoni mwa Zamhariri, na jini akaikunja miaka kama mtu akunjavyo mkeka, hata miaka elfu elfu ya huko juu ikawa ni kupepesa jicho.

Wakafika kwanza Bonde la Moshi. Huko mawingu mawili makubwa yalikuwa yamegongana, na pale yalipobanana nyota zilikuwa zikizuka kwa mamia, kama bisi kwenye kikaango. Zilizokuwa kubwa ziling'aa buluu, na Zuwena akazisifu.

"Usizisifu mno," alisema jini. "Hizo zina pupa, humaliza kuni zao upesi na kufa changa. Na upepo utokao kwao hupeperusha vumbi la wadogo zao ambao bado wanajikusanya."

Zuwena akatazama, akaona kiwingu kidogo kikisambaratishwa na nyota jirani yake, akaona huruma. Sultani hakuwa na habari nacho. Alikuwa amekodolea macho madoa meusi kandokando ya Bonde.

"Na kule kwenye giza, nani amejificha?"

"Hakuna aliyejificha, Maulana. Hayo ndiyo matumbo ya nyota. Humo mna baridi kali, na kwa sababu ya baridi moshi hutulia, hujivuta kwa uzito wake wenyewe kuelekea katikati, hubanana, hupata joto, mwisho huwaka. Mwanga wa nje ukiingia mapema, moshi hupata moto kabla ya wakati, hutawanyika, na nyota ile haizaliwi tena."

"Maneno ya mtu mwenye la kuficha," alisema Sultani.

Kutoka hapo Zamhariri akawapeleka mahali palipo juu ya Kaukabani, ambapo jivu jembamba lilikuwa likielea. "Hili ndilo jivu la Nyota ya Enzi," akasema. "Ilikufa, haikuibwa."

"Jivu halina jina. Nitajuaje kama ni lake?"

Jini akalizoa lile jivu. Akachanganya jivu na moshi wa baridi, akapata matonge mawili, maana halikutosha zaidi, na kila tonge akalifunika shuka la vumbi jeusi. Sultani akavumilia kidogo, akavumilia tena, kisha akapiga kelele, "Kuna kitu kinatikisika humu!" akalivuta shuka la kwanza. Mwanga wa nyota za jirani ukaingia, moshi ukapata moto, ukatawanyika, pakabaki patupu.

Zuwena alilia kwa sauti. "Ndiyo shingo ya Adnani hiyo uliyoifunua!"

"Kule kwenu," alisema jini taratibu, "jua la siku ya arobaini limeanza kushuka."

Na mkono wa Sultani ulikuwa umeshaanza kulielekea shuka la pili. Zuwena akajifuta machozi, akasimama mbele yake.

"Maulana, nimekupikia miaka kumi na mmoja, naijua shaka yako kuliko niujuavyo wali. Lakini shaka yako ina upungufu. Umemshuku mpishi, umemshuku mnajimu, umemshuku jini, ila hujamshuku anayekutia hamu ya kufunua. Lau ningekuwa adui yako, nikitaka mji wako ubaki bila nyota, ningefanya nini? Ningekuacha ufunue."

Sultani akabadilika rangi. Akatazama nyuma, hapakuwa na mtu. Akatazama kushoto na kulia, kisha akautazama mkono wake mwenyewe, akauona umenyooka kuelekea shuka.

"Huyu," akasema polepole, "nimekuwa naye siku zote."

Akaukamata mkono wa kuume kwa mkono wa kushoto, akaketi kando ya shuka, na hakuruhusu mtu kusogea. "Kaa mbali!" alimfokea hata Zamhariri. "Naona unavyoliangalia!" Na Zuwena naye akaketi, akimchunga mchungaji, kwa kuwa hakumwamini bado. Baada ya muda joto likaanza kupenya chini ya vumbi, na Sultani akaanza kulia bila kuona haya.

"Baba yangu alikuwa mzee, Zuwena."

"Ndiyo, Maulana."

"Alikufa tu."

"Alikufa tu, Maulana."

Hapo shuka likapasuka lenyewe kwa ndani, pasi na mkono wa mtu, ikatoka nyota ndogo ya manjano, isiyo na pupa, na Zamhariri akasema hiyo itawaka muda mrefu kuliko zote za buluu za Bondeni. Kisha akawashusha mnarani, akaaga, akaenda zake huru.

Jua lilipochwa mji mzima uliiona. Sultani mwenyewe alikwenda kufungua mlango wa gereza, akamvika Adnani joho lake, akamwoza Zuwena kwa sherehe za siku saba, akawapa bustani na farasi mia. Na siku ya harusi bibi harusi alikataa kukaa ukumbini mpaka apike wali. Alipokwisha kupalia makaa, Mfunuaji mmoja kwa mazoea akanyoosha mkono, na Sultani akaupiga kofi. Wakangoja. Ulipopakuliwa, hakuna aliyeamriwa kuuonja kwanza, na Fakhri bin Tawfiki akala sahani tatu.

Mafunzo yake hayahitaji mnajimu: kuna mambo hayakamiliki mpaka mwenye shaka aizuie mikono yake. Nami mkinishuku kwamba nimetia chumvi, shukuni tu, ilimradi mmenyamaza mpaka hekaya imeiva. Sasa kifuniko naondoa, kila mtu na sahani yake.