Mtaka Vifaranga Haulizii Kofia

Mtaka vifaranga haulizii kofia.

Mmeisikia asubuhi hii mama yenu akimwambia mjomba, pale mtoto mchanga alipolikojolea shati lake jipya, nanyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza kofia na kuku wapi na wapi. Kaeni basi. Endeleeni kupukuchua mahindi, maana kazi ni ya mikono, masikio hayana kazi. Nitawaeleza methali hii ilizaliwa wapi.

Huko milimani Upare, katika kijiji kimoja cha migomba na mifereji, aliolewa msichana aitwaye Namkunda. Watu wa kijiji hicho walikuwa na desturi yao. Bibi harusi alitoka kwao na tetea mmoja kwapani. Alipofika kwa mumewe alipika katika jiko la mama mkwe, na hata chumvi akaiomba kwa mama mkwe, mpaka siku kuku wake atakapoangua. Siku hiyo mama mkwe alibeba mafiga matatu akampelekea nyumbani kwake, na moto ukawashwa. Kabla ya hapo mke alihesabiwa mgeni, hata akikaa miaka.

Namkunda aliyatamani mafiga yake kuliko nguo. Mumewe, Eliamani, alifanya kazi katika mashamba ya katani huko bondeni na kupanda mlima kila mwisho wa mwezi. Namkunda alitaka siku moja mume huyo akija auone moshi ukitoka kwenye nyumba yao wenyewe, si kwa mama. Hilo tu ndilo alilolitaka, na lilikuwa mikononi mwa kuku.

Lakini kuku ana akili zake. Mara ya kwanza tetea yule alipoanza kuatamia, alikuwa nyuma ya kinu. Namkunda aliona pale si mahali pa heshima. Akafuma kikapu kizuri, akatandika majani laini, akamhamisha kuku mchana kweupe jua likiwaka, na kumwekea mayai kumi na saba, kuku mwenyewe mdogo kama ngumi mbili. Kuku alisimama, akayatazama yale mayai, akatoka zake. Yote yakawa viza.

Mara ya pili alimwacha palepale alipopachagua, ila hakutia majivu kiotani. Siku ya kumi utitiri ukamjaa kuku mpaka machoni, naye akakimbia akijikung'uta. Wanawake kisimani wakaanza kuuliza, "Namkunda, kuku wako ni jogoo nini?" Alicheka nao, kisha akarudi nyumbani akalia.

Mama mkwe wake, Nakijwa, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia, "Mwanangu, kuku haatamii ili kukufurahisha wewe. Akianza tena, niite kabla hujagusa kitu."

Akaanza tena, na wapi? Baba mkwe, Mzee Sempombe, alikuwa msemaji wa ukoo. Popote ukoo ulipokwenda kuposa, yeye ndiye aliyesimama na kuomba, na aliposimama alivaa kofia ya pama, nyeusi, pana, ambayo hakuivaa siku nyingine hata kwa mvua. Aliilaza chali juu ya dari, kwenye magunia ya maharage, ili ukingo wake usipinde. Mungu alikuwa amemjalia mzee kichwa kikubwa, na kuku alikuwa ameliona hilo. Namkunda alipopanda kuchota maharage alimkuta amekaa ndani ya kofia, manyoya yamevimba, na chini yake mayai kumi na moja.

Alishuka bila maharage, akamwita mama mkwe. Nakijwa akapanda, akatazama, akakaa juu ya gunia akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Tumhamishe jioni, giza likianza kuingia," alisema alipopata pumzi. "Saa hiyo hana ubishi."

"Mama, mimi nimekwisha mhamisha mara moja," Namkunda akasema. "Naogopa."

Nakijwa alimtazama mkamwana wake. "Basi akae. Mzee hana posa ya kwenda. Ila tutafanya kazi kama inavyopasa."

Walimshusha kuku ale, wakayatoa mayai. Moja lilikuwa na ufa na jingine dogo kama la njiwa, wakayaweka kando kwa chakula. Yaliyobaki tisa wakayatia alama ya mkaa, ili kuku mwingine akija kutaga humo yai lake lijulikane na kuondolewa. Ndani ya kofia wakatia majivu makavu, majani ya mgomba yaliyokauka, na jani moja la tumbaku ya ugoro ya mzee mwenyewe, maana utitiri hauwezi tumbaku. Hivyo wakawa wamemwibia mzee kofia na tumbaku kwa siku moja. Kila asubuhi Namkunda alimshusha kuku, akampa mtama na maji, akamwacha aoge vumbi, kisha akamtazama akiruka kurudi kabla mayai hayajapoa. Hakuchungulia tena mpaka kesho yake. Huo ndio ulikuwa mtihani wake mkubwa.

Siku zikaenda vizuri, kumi, kumi na tano. Mzee alikula, akalala, akauliza mbona tumbaku inapungua. Siku ya kumi na nane akaja mjumbe: ukoo unakwenda kuposa ng'ambo ya bonde, keshokutwa Jumamosi, msemaji ajiandae. Namkunda alihesabu kwa vidole. Jumamosi ilikuwa siku ya ishirini, na kuku huangua siku ya ishirini na moja.

Jumamosi asubuhi Mzee Sempombe aliamka, akaoga, akavaa koti, akapanda darini. Chini, wanawake wawili walisimama wameshikana mikono. Walisikia magunia yakilia, kisha kimya, kisha mzee akapiga kelele, maana alikuwa amedonolewa kidole.

"Mama Eliamani! Kuna kuku ndani ya kofia yangu!"

"Namjua," alijibu Nakijwa.

"Unamjua? Mtoe!"

Nakijwa alipanda, na Namkunda nyuma yake. Kwa kawaida mke wa mtoto hakusema mbele ya baba mkwe ila kujibu, na kwa sauti ya chini. Siku hiyo Namkunda alipiga magoti juu ya maharage na kusema wazi.

"Baba, nisamehe. Kosa ni langu, si la mama. Imebaki siku moja tu. Akisumbuliwa leo ataondoka kama mara ile ya kwanza, na mimi nitabaki vilevile nilivyo."

"Na mimi nisimame mbele ya watu kichwa wazi? Watasema ukoo wetu umewadharau! Mayai yanakwenda kikapuni, kofia inakwenda posani." Akaingiza mkono chini ya kuku, akavumilia kudonolewa, akatoa yai moja.

Namkunda alifumba macho. Alipoyafumbua, mzee alikuwa bado amelishika lile yai, hajaliweka popote. Alilisogeza sikioni. Akalitoa, akalitazama, akalirudisha sikioni.

"Mama Eliamani," alisema polepole, "linalia."

"Ndiyo maana yake," mkewe akajibu. "Kesho linatoka."

"Ananigonga kiganjani. Huyu mtu ananigonga kutoka ndani."

Mzee Sempombe alilirudisha yai mahali pake kwa vidole viwili, akampapasa kuku mgongoni, akadonolewa tena, akashuka. Akatoka nyumbani kichwa wazi, upara wake uking'aa juani, wazee wenzake wakimfuata na kuulizana kulikoni.

Mchana ule Namkunda hakula. Alikuwa na furaha ya kuku na hofu ya posa. Je, wale watu wakikataa? Je, ukoo mzima ukirudi mikono mitupu kwa sababu ya mayai tisa ya mke mgeni? Alikwenda mlangoni mara ishirini. Jua lilipoanza kushuka alisikia watu wanapanda njia ya mfereji, na akasikiliza kama wananong'ona au wanaimba. Walikuwa wanaimba.

Mzee aliingia uani anacheka peke yake. "Waliniuliza," alimwambia mkewe, kwa sauti ya kutosha Namkunda naye asikie. "Baba wa binti alisimama akasema, 'Mzee Sempombe, posa yetu haistahili kofia?' Nikamwambia, kofia yangu iko kazini, imelaliwa, nami nimekuja na kichwa tu. Nikawasimulia. Mama wa binti akasema, mtu asiyeweza kumsumbua kuku anayeatamia, mtoto wetu akienda kwake hatasumbuliwa. Wakakubali kabla hata sijaomba!"

Jumapili vilitoka vifaranga vinane, na yai moja likawa viza, jambo la kawaida. Nakijwa alibeba figa la kwanza na la pili. La tatu lilibebwa na Mzee Sempombe mwenyewe, jambo ambalo mwanamume wa kijiji kile hakuwahi kulifanya, na walioliona walilisimulia mpaka uzee wao. Namkunda akawasha moto. Alipika uji, ukaungua kidogo kwa sababu kila mara alitoka nje kuutazama moshi wake.

Kisha akapanda darini kuichukua kofia. Masikini kofia! Ndani ilikuwa imechafuka, ukingo umelegea, upande mmoja umetoboka. Aliishika kwa mikono miwili, akaja akapiga magoti mbele ya baba mkwe. Furaha yote ikamkauka.

"Baba, haivaliki tena. Nitakulipa nini mimi?"

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mafiga mapya, bakuli la uji ulioungua mkono mmoja, na kifaranga katika kiganja cha mkono wa pili, anakipuliza manyoya yakauke. Hakuitazama kofia hata kidogo.

"Namkunda mwanangu, jana asubuhi tulikuwa na kofia, hatukuwa na jiko hili. Leo unataka nilie kwa lipi?" Akanywa uji, akakunja uso, akaumeza. "Inuka uniongezee. Mtaka vifaranga haulizii kofia."