Mayai Matatu Kifuani mwa Mwanakheri

Sogeeni, na anayesinzia asinilalie begani. Bega lenyewe limechoka.

Palikuwa na Mwanakheri, aliyelilia mtoto mpaka zimwi likachoka kumsikia, likampa mayai matatu.

"Yaatamie pamoja, bibie. Yanajuana yenyewe."

Akayafunga kifuani kwa kanga. Yote yakaimba, "Mama, tupo." Baadaye mawili yakafifia sauti, moja likazidi kunona. Mwanakheri akalitenga kwenye majivu ya moto, kama mtoto mlafi anavyoondolewa kwenye sinia la wenzake. Mara yote matatu yakaanza kupoa.

Akalirudia zimwi mbio, akapiga magoti. "Babu, wanangu wanakufa."

"Umemtenga mmoja? Hakuwa akiwaibia, bibie. Wenzake walikuwa wanamlisha. Uhai waliopewa hauwatoshi watatu."

"Basi nimchague nani?"

"Wamekwisha kuchagua wao."

Akayarudisha pamoja, machozi yakiyalowanisha. La kwanza likasema, "Chukua, dada," likanyamaza. La pili likasema, "Chukua, dada," likanyamaza. La tatu likapasuka, akatoka binti mzito, mwenye nguvu.

Mwanakheri akabaki na mtoto mkono huu na mayai mawili baridi mkono ule, asijue aanze na kigelegele au kilio. Mtoto akalia njaa, naye akaanza na kumnyonyesha.

Yangu yameishia hapo. Kila mtu na mkeka wake.