Safari Iliyoanzia Angani

"Laki tatu na nusu yangu, mama! Siondoki hapa bila hiyo."

"Laki tatu na nusu ya nini? Ya ndege isiyopaa?"

Waacheni wagombane kidogo, ndugu zangu, niwaambie ni akina nani. Mama ana ukumbi wa kompyuta, na humo watoto hujifunza urubani kwa mchezo: skrini kubwa, usukani wa mkononi, ndege inayoitika kama ya kweli. Bwana yule ni fundi aliyejifundisha mwenyewe. Mchezo huo unakuruhusu kutunga safari yako. Unachagua kiwanja, unachagua ndege na mzigo, unapanga hali ya hewa, unaweka alama za kupitia, kisha unasema safari itaisha wapi. Mama alimwagiza atunge safari ya kupeleka chanjo kijiji cha milimani. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kulipwa.

Asubuhi hiyo wanafunzi arobaini wa shule ya mbali wamekodi ukumbi kutwa nzima, na ndege tisa zimevunjika, moja baada ya nyingine, zote kabla hazijaacha ardhi. Mwalimu wao ameshaanza kuwaambia wafunge mikoba. Wakiondoka, jina la ukumbi limekwisha.

Lakini safari yenyewe, jamani, kama mngeiona! Ukivuka alama ya kwanza, mashamba ya chai yanapita chini yako taratibu, kama mtu anayekunja kanga bila haraka. Mto unang'aa, unapotea, unang'aa tena mbele. Kuna wingu moja linakufuata tu, halikuombi kitu. Ukikaribia milima, mvua inanyesha upande mmoja wa bonde na upande wa pili ni jua, na wewe uko katikati, huna uzito, huna jina, hudaiwi na mtu. Fundi alikaa katika anga hilo mwezi mzima. Alibadilisha rangi ya mawingu mara thelathini. Alisogeza jua kidogo, akaketi akaliangalia, akalisogeza tena. Mke wake akimwita kula, anajibu "nakuja" kwa sauti ya mtu aliye mbali sana.

Sasa turudi ukumbini.

"Ndege ni nzima, mama. Watoto wako ndio hawajui kurusha. Wamezoea baiskeli hawa."

"Kiti hiki hapa. Kaa, rusha wewe."

Akakaa. Akawasha injini. Ukungu mwembamba wa alfajiri, aliouweka kwa mkono wake, ulikuwa umelala juu ya nyasi za kiwanja. Ndege ikakimbia, ikaingia ndani ya ukungu, pua ikaanza kuinuka. Kishindo. Skrini ikaandika: safari imeshindikana.

"Ya kumi hiyo!" mtoto mmoja akapaza sauti, na wenzake wakapiga makofi.

Fundi akauondoa ukungu. Ng'ombe watano. Wamesimama katikati ya njia ya kurukia, wametulia kama wako zizini. Aliwaweka yeye mwenyewe siku ya kwanza kabisa, alipokuwa anajaribu jinsi ya kuweka kitu chini kikakaa. Walipokaa alifurahi, akaenda zake kwenye mawingu.

"Ulipoijaribu hukuwaona?" mama akauliza.

"Nilipoijaribu, mama, nilikuwa naanzia juu. Kukimbia kule chini kunachosha. Naiweka ndege moja kwa moja angani, palipo pazuri."

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

"Kwa hiyo hujawahi kuruka hata siku moja."

Fundi hakuitaja tena laki tatu na nusu. Akawaondoa ng'ombe wale. Kazi ya kufumba na kufumbua. Alipogeuka kusema tayari, viti vilikuwa vitupu, na basi la shule linatoka getini.

Mnacheka. Wewe wa nyuma pale, usijifiche, nimekuona! Tunamcheka nani? Sisi wenyewe tunaanzia wapi? Tunaingia humu ibadani, tunafumba macho, na ubeti wa kwanza wa wimbo haujaisha tumeshafika juu ya mawingu. Pazuri huko! Hata mimi napapenda, sitawadanganya. Sauti zinapanda, mwili unakuwa mwepesi, mtu anatamani asirudi. Lakini nani kati yetu ameruka kutoka chini? Kutoka uani kwake, mbele ya jirani asiyesalimiana naye, akiwa amefungua macho? Nani alikwenda kwanza kuangalia alichokiacha njiani? Haya, nitawajibia mimi: hakuna.

Mwezi wa tatu ukuta wa mjane wa pale kisimani ulianguka kwa mvua. Tulisimama humu humu, tukainua mikono, tukamwahidi siku moja ya kazi. Wengine mlilia, nakumbuka ni akina nani. Huu ni mwezi wa saba. Nilipita jana: ameziba kwa turubai, na watoto wake wanalala upande mmoja wa nyumba, wamebanana. Hakuniuliza kitu. Alinikaribisha chai.

Leo hatuimbi wimbo wa kufungia. Tunadaiwa siku moja ya kazi. Kesho saa moja asubuhi, majembe na ndoo, nyumbani kwa mjane. Itoeni siku hiyo.