Pambano la Thelathini na Moja

Palikuwa na sultani mmoja mjini Kitopeni, jina lake Shadhili, aliyetaka kitu ambacho hata masultani hawakipati kwa amri: alitaka kusifiwa kwa dhati. Ujanani alicheza ndondi za uzito wa kati. Mapambano thelathini, ushindi thelathini, na kila mpinzani alilala raundi ya kwanza. Wapinzani wenyewe walikuwa askari wake, wapishi wake na watunza farasi wake. Hayo mengine jazeni wenyewe.

Sasa mjini humo alikuwapo Vuai, muuza kahawa. Alikuwa na nyumba ya chumba kimoja, na mlangoni benchi. Kila alasiri wanaume walikaa hapo, vikombe mkononi, wakibishana nani bondia bora wa uzito wa kati tangu dunia iwe dunia. Huyu anasema Ngwali, mpasua mawe, mwenye konde la kushoto. Yule anasema Farahani mchinjaji, aliyekwepa ngumi kama vile ana macho kisogoni. Mate yanaruka, vikombe vinamwagika, mtu na shemeji yake hawasemezani siku mbili. Miaka kumi ya ubishi, na jina la sultani halijatajwa hata kwa bahati mbaya!

Umbea ukafika jumbani. Sultani akapandwa na hasira, akaamuru Vuai aletwe uwanjani baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya watu wote. Kadhi naye akaambiwa aje na kitabu chake cha hukumu.

"Vuai," alisema sultani, "benchi lako limenivunjia heshima. Haya, niambie. Nani bondia bora wa uzito wa kati wa nyakati zote?"

"Maulana, sisi tunabishana kati ya Ngwali na Farahani."

"Na mimi?"

"Wewe hatukubishanii."

"Kwa nini?"

"Ubishi unataka pande mbili, Maulana."

Watu wakainamisha vichwa. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Ngwali alishindwa mara tatu!" sultani alifoka. "Farahani mara nane! Mimi je?"

"Wewe hata mara moja. Siku ile ulipoteleza ukalala chali, mwamuzi alihesabu mpaka tatu, akaenda kuswali alasiri, akarudi akaendelea na nne."

"Niliinuka kabla ya kumi!"

"Uliinuka kwenye saba, Maulana. Magharibi ilikuwa hata haijaadhiniwa."

Hapo sultani akasimama. Kiti kikashukuru.

"Sikiliza, mwenye ulimi wewe. Nakupa nafasi moja. Nionyeshe hapa, mbele ya kadhi, ushindi wangu mmoja usio wa kweli. Mmoja tu! Ukinionyesha, nyumba yako na benchi lako hatavigusa mtu mpaka ufe. Ukishindwa, inabomolewa leo hii, na wewe na mkeo mtatoka Kitopeni kwa miguu. Kadhi, andika!"

Kadhi akaandika.

Vuai akaacha kutabasamu. Mkewe, Mwanakheri, alikuwa nyuma ya watu na birika lake mkononi. Nyumba ile aliachiwa na mama yake, hawakuwa na nyingine. Askari wanne wenye sururu walikwisha kutumwa mlangoni. Na wale walioangushwa? Wengi walikuwa pale pale uwanjani, kila mmoja anatazama vidole vyake vya miguu. Nani atathubutu kusema alianguka kwa hiari yake? Waoga wakubwa! Ingawa, tuseme kweli, hata mimi ningetazama vidole vyangu.

"Maulana," alisema Vuai, "umesema thelathini?"

"Thelathini."

"Umejidhulumu."

"Kivipi?"

"Na lile la mwaka wa nzige, nyuma ya zizi la farasi? Au hulihesabu kwa kuwa niliyepigana nawe ni mtu duni, mimi Vuai?"

Sultani akarudi kitini taratibu. "Wewe?"

"Nilikuwa mwembamba zaidi. Na nilikuwa na nywele."

"Aaa! Ehee!" Uso wa sultani ukang'aa. "Nakukumbuka! Nakukumbuka vizuri sana!"

"Ulinipiga konde lipi, Maulana? Mimi nisingejua, nilizimia."

"La kushoto! Hapa, chini ya kidevu! Ukaanguka kifudifudi, wakakubeba watu wawili!"

"Raundi ya ngapi?"

"Ya kwanza! Ya pili mimi siijui ilivyo!"

Kadhi akakohoa. "Maulana, kuhusu huo mwaka wa nzige..."

"Nyamaza, kadhi! Wewe unajua mirathi na talaka, ngumi huzijui. Andika thelathini na moja!"

"Na uape, Maulana," Vuai alisema kwa upole, "ili benchi lisipate la kubishia."

"Naapa kwa kiti cha baba yangu! Konde hili hili ndilo lililomlaza Vuai mwaka wa nzige!"

Ikaandikwa. Muhuri ukapigwa.

Vuai akamgeukia kadhi. "Sheikh, mwaka wa nzige mimi nilikuwa wapi?"

Kadhi akatazama kitabu, akamtazama sultani, akarudi kwenye kitabu.

"Ulikuwa... gerezani. Nilikufunga mimi mwenyewe, Ramadhani mpaka Ramadhani."

"Kosa langu?"

"Ulicheka Maulana alipokuwa ulingoni."

Vuai akamrudia sultani, akainama kwa adabu zote.

"Basi, Maulana, ikiwa mimi uliniangusha raundi ya kwanza nami nimo gerezani, nimefungiwa kwa kufuli lako mwenyewe, hawa thelathini walikuwa na haja gani ya kuja?"